Vitunguu vya Bibi vya Mlimani

Juzi, nikienda kumzika bibi, nilishukia Mpanda stendi. Mama mmoja wa miche akanionyesha ua la zambarau kwenye kopo. "Kitunguu cha mlimani hicho, dada. Hakiliwi, ni urembo tu." Nikacheka vibaya, nikalinunua. Mimi nimekila.

Kwetu, karibu na Sitalike, kaburi la mama lilikuwa katikati ya shamba la mahindi. Msalaba uliliwa na mchwa, saruji hatukuwa nayo. Basi bibi, aliyenilea, akapanda juu yake vitunguu alivyochimba mlimani. Kiangazi vinapotea, mvua ya kwanza tu, hivyo vimeota. Jirani yetu mwenye maksai, aliyekuwa akitulimia, akiviona anapitisha plau kando. "Usichezee pale," bibi alikuwa akiniambia. "Ni mlangoni kwa mama yako."

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, mvua zilipoanza bibi akaugua malaria, akakataa chakula. Nyumbani tulikuwa na dagaa wa ziwani tu, bila nyanya wala kitunguu. Jamani, niliogopa kubaki peke yangu! Nikaving'oa vya kaburini vyote, nikakata, nikakaanga. Majani nikayachomeka tena udongoni asigundue. Bibi alikula mpaka akalamba vidole. "Mjukuu wangu, leo umepika!"

Majani yalinyauka siku mbili tu. Siku ya tatu jirani akaja kulima, bibi bado kitandani, na mimi ndiye niliyewaongoza ng'ombe mbele. Tulipofika pale niliwapitisha ng'ombe juu yake. Sikumwambia jirani asimame, nikidhani nitapakumbuka. Jioni shamba zima lilikuwa matuta, yote sawasawa, na sikupaona tena.

Bibi alipopata nguvu alizunguka humo akipiga magoti hapa, anainuka, anapiga pale. Lawama zote alimtupia jirani. Hawakusalimiana tena hadi bibi anakufa, nami nilikula na bibi sahani moja miaka yote hiyo bila kusema. Nina aibu hata kukusimulia.

Aliacha neno moja: alazwe ubavuni mwa mwanawe. Wachimbaji wakaniuliza, "Dada, mama yako yuko wapi hapa?" Jirani, mzee sasa, alisimama nyuma yao kashika kofia, ananitazama.

Nikanyoosha kidole, popote tu. Wakachimba.

Ua la kwenye kopo nimelipanda juu ya bibi. Mvua zikija litachanua, na watu watasema hapo wamelala wawili.