Waya wa Dada Minza

Juzi nilihudhuria hafla ya kumuaga kazini dada yangu Minza aliyestaafu, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa umeme chuoni kwao. Nje mvua ilianza, na harufu ya vumbi lililolowa ikanirudisha nyumbani Nkololo.

Mchana mmoja wa utoto wetu, wingu lilikuwa jeusi. Dada, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuwa amesimika mti mrefu kando ya zizi, akafunga waya kuanzia juu yake na kuifukia ncha ya chini.

"Radi ikija itapita humu, iishie ardhini," alisema.

Mama, aliyekuwa ameshafunika kioo na kuficha khanga nyekundu visije vikavuta radi, alifoka: "Mayu wee! Unaiita radi!"

Nilimwamini mama. Walipoingia ndani, niliifukua ile ncha kwa mikono yangu, nikaiacha ikining'inia. Nilidhani nimeinyima radi njia ya kuja kwetu.

Ikapiga. Ng'ombe wetu wa maziwa akaanguka, zizi likanuka manyoya yaliyoungua. Dada alichapwa na mama kwa kuiita radi, wala hakulia. Aliuliza tu, "Kwa nini haikupita?"

Juzi aliuambia ukumbi kwamba swali hilo ndilo lililompeleka kwenye fizikia. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.