Mbio Zilizobaki na Siku Moja

Jumanne, wiki tatu zilizopita, tulimpoteza dereva wa basi linalotutoa Umm Salal kwenda kazini West Bay, hapa Doha. Moyo ulisimama akiwa usingizini, chumbani kwake Fereej Bin Mahmoud. Asubuhi hiyo tulisimama nje na sare zetu tukidhani amekwama barabarani. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na hilo peke yake lingetosha kutuambia kuna jambo. Sikuwa rafiki yake wa ndani. Nilikuwa abiria wake wa kiti cha nyuma yake kwa miaka mingi, na ukikitazama kisogo cha mtu kila siku unamjua kuliko unavyodhani.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi ni mlinzi wa mlangoni, si mtaalamu wa michezo. Lakini siwezi kumweleza mtu huyu bila kueleza mbio za baiskeli. Akiwa kijana, nyumbani Kenya, alishiriki mbio za siku nne, kutoka Nairobi kupitia Nakuru, Eldoret na Kakamega hadi Kisumu. Mbio za namna hiyo zilikuwa ngeni kwetu. Muda wa kila siku unajumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Zilifanyika katika miezi ile mibaya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, mahema ya waliofukuzwa makwao yakiwa bado kando ya barabara. Siku ya pili, karibu na Eldoret, vijana waliziba njia kwa mawe. Walimtaka mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akiongoza, kwa sababu ya kabila lake. Dereva wetu alikuwa wa pili, na pale palikuwa kwao. Wakamwambia, "Wewe pita, kaka. Huyu tuachie." Akashuka, akaketi kwenye lami kando ya yule kiongozi, akatoa ndizi mfukoni akaanza kumenya. Mmoja mmoja, kundi zima likaketi. Walikaa hapo juani mpaka kijana mmoja mwenye jiwe mkononi akauliza kama kuna ndizi imebaki. Njia ikafunguliwa. Nilimuuliza kama hakuogopa. "Niliogopa sana," alisema. "Lakini nikimwacha pale, kesho ningeshindana na nani?"

Walipoingia Kakamega siku ya tatu alikuwa bado wa pili, nyuma kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Ndivyo alivyopima mwenyewe. Usiku huo Kisumu kukawa na ghasia, na polisi wakaifuta siku ya nne. Kiongozi akakabidhiwa kombe uani mwa hoteli. Dereva wetu hakulikubali jambo hilo kamwe. Kutoka Kiboswa barabara inashuka kwa kasi hadi Kisumu, na kwa kuteremka hakuna aliyemuweza. Kwake yeye mshindi alikuwa bado hajapatikana.

Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya kuwasha basi, alimpigia simu yule bingwa, sauti ikiwa juu, nasi sote tukisikiliza.

"Bingwa wa robo tatu, umeamka?"

"Nimeamka. Kombe langu liko hapa mezani."

"Hilo la kunywea uji?"

"Uji wa bingwa una utamu wake, bwana. Wewe huwezi kujua."

"Ngoja nije likizo. Pale Kiboswa utauona mgongo wangu."

"Mgongo wako sijawahi kuuona. Nimekuwa mbele siku zote."

Basi zima lilicheka, naye akicheka kuliko wote. Walikuwa wamekubaliana kwamba Desemba hii wataendesha ile siku ya nne, wao wawili, wajue mwisho wake.

Agosti ya uchaguzi uliopita, wenzetu wawili walianza kutukanana ndani ya basi, kila mmoja na upande wake, mpaka mmoja akasema hatapanda tena gari moja na mwenzake. Dereva akaliegesha basi kando, akazima injini, na kiyoyozi kikazima nayo. "Malizeni," akasema. "Hakuna anayeshuka na hakuna anayeachwa." Mnalijua joto la Agosti hapa Doha. Walimaliza upesi, na mpaka leo wanakaa kiti kimoja.

Sisi tulio huku tumetoka pande zote za ugomvi ule, na tunalala vitanda vya juu na chini. Nilichojifunza kwake ni kwamba mpinzani unamhitaji awe mzima na awe barabarani. Ukimwondoa kwa mawe, hutajua kamwe kama ungemshinda.

Mimi ndiye niliyempigia bingwa kumpa habari. Akauliza mazishi ni lini. Dereva wetu alizikwa kwao Kenya Jumamosi iliyopita, na bingwa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Jumapili akatoka Kakamega kwa baiskeli, peke yake, na jioni akanipigia kunieleza. Juu ya Kiboswa, pale mteremko unapoanza, alisimama, akainama, akafungua kamba za viatu vyake na kuzifunga. Hapo, alisema, walikuwa sawa. Akazifungua, akazifunga tena, ndipo akateremka, sasa akiwa nyuma ya mwenzake.