Sindano Haikumfaa Mwanapili

Mimba ya nne nusura imuue Mwanapili. Presha ilimpanda, akashikwa na kifafa cha mimba, na alipozinduka hospitalini alikuta mwanawe Amin ameshazaliwa. Daktari alimwonya kwamba mimba nyingine huenda asiiweze. Mwanapili, mkulima wa Kikoneni, aliazimia papo hapo kwamba hatabeba tena.

Alianza na sindano ya kuzuia mimba. Jirani yake ilimfaa, yeye ilimtesa. Damu ilimtoka kidogo kidogo, leo ipo, kesho haipo, hata asijue lini ana tohara ya sala na lini hana. Ramadhani nzima ilimpita katika shaka hiyo.

"Sirudii," alimwambia mumewe.

Chande, mumewe, alikuwa askari wa lango katika hoteli moja ya Diani, na alikuja nyumbani siku za mapumziko tu. Safari iliyofuata alimletea pakiti ya vidonge kutoka duka la dawa.

"Mke wa mwenzangu anameza hivi, wala hana neno."

"Ana presha kama mimi?"

"Hilo sikumuuliza," Chande alikiri.

"Basi sivimezi mpaka nipimwe."

Asubuhi alimbeba Amin mgongoni, akaenda zahanati na ile pakiti. Muuguzi Zulekha alimpima. Presha ilikuwa bado juu. Akaisoma pakiti, akatikisa kichwa.

"Hivi si vyako, dada. Kwa mwenye presha vinaweza kuleta kiharusi."

Akamweleza yaliyobaki. Kijiti kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono kisingemdhuru, lakini nacho huweza kuvuruga hedhi. Koili ya shaba, inayotiwa ndani ya kizazi, haina homoni. Damu huweza kuwa nyingi na tumbo kuuma, hasa miezi ya mwanzo, ila hedhi huja kwa wakati wake.

"Nataka koili," Mwanapili alisema. "Lakini nitarudi na mume wangu. Ayasikie haya mwenyewe."

Nyumbani, mavyaa wake, Bi Tumu, mamake Chande, alishika kiuno. "Chuma tumboni? Kitapanda mpaka moyoni!"

"Niwie radhi, mama. Nimeonyeshwa kinapokaa. Ni ndani ya kizazi, na hapo hakuna njia ya kwenda moyoni. Lakini nikifa na mimba, wajukuu zako utawalea peke yako?"

Bi Tumu alijifunga kanga yake upya, akaenda zake.

Chande aliporudi, waliongozana hadi zahanati. Alisikiliza yote, kisha akauliza kwa haya, "Mimi je, sitaumia?"

"Kuna uzi laini tu wa koili unaobaki mlangoni mwa kizazi," Zulekha alimjibu. "Ukikusumbua, mkeo aje niupunguze."

Chande alimgeukia mkewe. "Mwili ni wako, mama Amin. Uliumwa mimi nikiwa mbali. Tia."

Koili ikatiwa siku hiyo. Miezi ya kwanza ilikuwa mizito: tumbo lilikata, damu ilikuja nyingi, na Bi Tumu akasema si aliwaambia. Mwanapili alirudi kuangaliwa, akaambiwa imekaa sawa, akapewa dawa ya maumivu. Alivumilia. Polepole mwili ukatulia, na dawa za presha alizopewa na Zulekha akazimeza kila asubuhi bila kukosa.

Mvua za masika zilipoanza, alikwenda kufyeka kipande cha shamba kilichogeuka msitu kwa miaka ya kubeba na kunyonyesha. Bi Tumu alimfuata na jembe lake. Koili hakuitaja. Aliuliza tu wataanza kulima upande upi.