Mama Kadi na Shelfu za Waliolala

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlinzi wa zamu ya usiku hajamaliza hata kunawa uso, mama mmoja mfupi mwenye sare ya bluu anasukuma kwa bega mlango wa chumba cha kadi. Anajifunga kitambaa puani, anaburuta kingazi chake hadi ukuta wa nyuma, anakikalia. Anachomoa kadi, anafungua ukurasa wa mwisho, anautazama, anairudisha. Anachomoa nyingine.

"Huyu amelala kweli," anasema. "Na huyu. Na huyu naye, maskini, miaka minne tu."

Hospitali nzima inamwita Mama Kadi. Ana umri wa miaka hamsini na minane, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu ndani. Vumbi limemwachia kikohozi ambacho wauguzi hukisikia kabla hawajamwona mwenyewe. Mshahara wake, anasema, unatosha kodi ya vyumba viwili na dawa ya kifua. Ukivuka hapo, ni bahati ya mwezi.

Kadi ni neno la Waingereza, lilikuja jembamba likanenepea huku kwetu. Ukialikwa harusi unaletewa kadi, na kabla ya hiyo ulishaletewa ya mchango. Refa anayo mfukoni, ya njano na nyekundu. Benki wanakupa, chama wanakupa, na mtoto hajatimiza wiki ana yake ya kliniki. Mkwe wa Mama Kadi humtania kila akija kuwasalimia: "Mama, siku watakayokupa kadi nyekundu huko kazini, njoo utulelee wajukuu."

Lakini hapa hospitalini neno hilo limekwenda mbali zaidi. Muuguzi akisema "kadi tatu zinasubiri nje", anasema watu watatu. Mgonjwa akilalamika kwamba kadi yake haijafika kwa daktari, anamaanisha yeye mwenyewe bado hajaonwa. Na wodini wakisema kadi ya kitanda cha sita imelala, hakuna anayeuliza zaidi. Mama Kadi huipokea na kuipeleka ukuta wa nyuma, kwenye shelfu kumi na moja za waliolala.

"Huku mtu ni kadi yake," anasema. "Isipoonekana, na yeye haonekani."

Sasa kompyuta zimeingia. Kadi za walio hai zimeshanakiliwa. Zile za ukuta wa nyuma hazitanakiliwa. Ijumaa saa tatu asubuhi litakuja lori, lizibebe zote zikachomwe moto. Leo ni Jumatano. Mama Kadi amejipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kufungua kila kadi ya waliolala, ahakikishe hakuna aliye hai aliyechanganyika humo. Amemaliza shelfu saba.

Ukimuuliza kwa nini, anamaliza kwanza kutazama ukurasa ulio wazi. Anafunga kadi iliyo mkononi, anaiweka magotini.

"Miaka kumi na moja iliyopita walikuwapo wanaume wawili, majina yao yote matatu yanafanana. Mmoja alifia wodini. Mimi nikachukua kadi ya mwenzake nikaileta huku."

Huyo mwenzake alikuwa seremala. Miezi miwili baadaye aliletwa na mfanyakazi mwenzake, homa imempanda, hajui anachosema. Kadi yake ilitafutwa kwenye shelfu za walio hai, haikuonekana. Akafunguliwa mpya, nyeupe. Ile ya zamani ilikuwa na mstari mwekundu pembeni, alama ya mtu ambaye kuna sindano mwili wake unaikataa. Nyeupe haikuwa na kitu.

"Wakamchoma ile ile," anasema Mama Kadi. "Hakumaliza saa."

Wiki tatu baadaye aliikuta kadi ya seremala ukuta wa nyuma. Alimpelekea mkubwa wake wa wakati huo, akaambiwa anyamaze. Hakunyamaza. Alikwenda nyumbani kwa mjane, akamweleza yote. Mjane alimsikiliza hadi mwisho, akamletea maji ya kunywa, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Yale maji sikuweza kuyanywa. Andika, mwanangu. Mjane mwenyewe anajua, watoto wake wanajua. Nimfiche nani tena?"

Dawa ya kugundua kadi ya aliye hai ni muhuri. Kila aliyefia wodini hupigwa muhuri ukurasa wa mwisho. Kadi isiyo na muhuri ina neno. Saa moja na nusu anaipata moja. Ni ya bibi mmoja fundi cherehani, na ina mstari mwekundu. Anabonyeza namba iliyoandikwa juu.

"Haloo, shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka hospitali, chumba cha kadi." Anataja jina lililoandikwa.

"Ndiye mimi. Kuna nini? Nani kaanguka?"

"Hakuna, mama. Nilitaka kujua tu kama upo."

"Kama nipo wapi?"

"Kama upo… mzima."

Kisha sauti inapasuka: "We mwanamke! Asubuhi yote hii unanipigia kuniuliza kama nimekufa? Na chai yangu inamwagika jikoni!"

"Iache imwagike, mama," anasema Mama Kadi, anacheka hadi kikohozi kinamkamata.

Huyo ni wa nne kupatikana hai. Kadi anaipeleka mwenyewe kwa fundi wa kompyuta, chumba cha pili.

"Shangazi, umefufua mwingine?" fundi anatania.

"Usiseme nimefufua. Aliyemweka kule ni mimi."

Fundi anainamia kompyuta yake, anaanza kuandika.

Mama Kadi ameomba aongezwe wiki moja. Mkuu wa ofisi amekataa: lori limeshapangwa, na chumba kinapakwa rangi Jumatatu. "Mama, hao ni wafu," alimwambia. "Wafu hawana haraka."

Shelfu nne zimebaki, kila moja ina kadi zaidi ya elfu moja, na zamu yake ya dirishani inaanza saa mbili. Amepiga hesabu, hazitaisha. Kwa hiyo atapitia kwanza zenye mstari mwekundu, kisha za watoto, kisha atakazojaliwa. Kesho anachukua likizo ya siku mbili, aje kukaa humu humu.

"Na Ijumaa wapakiaji wakija, nitawaomba waanze na shelfu nilizomaliza," anasema, mkono wake tayari umeshika kadi nyingine. "Waende taratibu. Wakinifikia hapa nilipokaa, basi, nitashuka."