Feni Mbovu

Mashine niliiunda mwenyewe chumbani kwangu, karibu na chuo: kasha refu la chuma, juu draivu moja ya kusoma CD ya asili, chini yake nane za kuchoma nakala. Mwanzoni ilizimika kila mara draivu zote zilipoanza kuzunguka pamoja. Nikaweka saplai ya umeme yenye nguvu zaidi, ikatulia. Trei nane zikitoka kwa mpigo, nilikuwa nacheka peke yangu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Unguja anayenunua vifaa vya shule na midoli Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla huku China. Alitaka kuwapelekea watoto wa chekechea ya mtaani kwao hadithi alizozisoma mwenyewe. Redio ya darasani inakubali CD tu. Tulirekodi chumbani kwangu. Ana pengo mbele, "s" zake zinapuliza. Alipomaliza akasema, "Mwanangu, usije ukaniaibisha kwa watoto," akaondoka.

Mashine yangu ina hatua ya kukagua: hulinganisha kila nakala na ile ya asili. Zote zilikuwa sawasawa. Nikampelekea. Ile ya asili sikuisikiliza hadi mwisho.

Kesho yake akarudi na boksi.

"Laobani," alisema, jina tunalowaita Wachina wenye maduka, "feni mbovu imerudi na mzigo wake."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa sokoni. Akanipa CD moja niicheze. Baada ya hadithi ya mwisho palikuwa na kimya, mlango ukafungwa, kisha ikaja sauti yangu: "Mama huyu anasoma kama feni mbovu." Mwenzangu wa chumba akasikika akiangua kicheko. Nami nikasikika nikiziiga "s" zake. Kinasa sauti nilikuwa sijakizima.

"Mama, samahani sana."

"Samahani haichomwi kwenye CD. Kata huko mwisho."

Nikakata. Akavuta kiti, akataka tusikilize hadithi zote kabla sijachoma. Kila "s" ilipopuliza, alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Au wasomewe na mtu mwingine?" alisema.

"Hapana, mama. Zinapendeza."

"Sikukuuliza wewe, laobani."

Hadithi ya mwisho ikaisha.

"Choma," akasema.

Nilizifunga trei zote nane bila kumtazama. Aliponiaga, boksi kwapani, mtandio ulikuwa bado mdomoni.