Maji Yangu katika Migomba Yake

Tangu nikose kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, watu wananiambia yaliyopita si ndwele. Hao ni watu ambao hawajawahi kuugua.

Chuoni petu Butembo kulikuwa na kompyuta moja tu yenye programu ya milinganyo: unaiandika kwenye ukurasa, unabonyeza, inakupa jibu na mchoro. Kuifungua kulichukua muda, na jenereta haikutungoja. Kwa hiyo tulijiwekea sheria: funga ukurasa wako, usifunge programu. Tulipokezana ikiwa hai, kama mama zetu wanavyopeana makaa ili jirani asihangaike kuwasha moto upya. Tulijiona wajanja sana. Hakuna aliyetuambia kwamba programu ile haisahau: herufi uliyoipa namba inabaki nayo hata ukiondoka, na anayekufuata anairithi bila kujua.

Mimi nilishughulikia matangi mawili ya maji ya mtaa wetu wa Kimemi, la juu likimwagikia la chini. Herufi h ilikuwa kimo cha maji, kitu nilichokitafuta. Herufi k ilikuwa kasi ya maji kutoka, namba niliyoipima mwenyewe kwa ndoo, nikilowa hadi magotini. Mwenzangu wa darasa alifuatilia ugonjwa wa migomba, unavyoruka shamba hadi shamba. Kila asubuhi nilianza mimi, yeye akinipokea kiti.

Profesa wa kuongoza jopo la kutusikiliza alishukia Mavivi kwa ndege, kisha akafuata barabara ya Beni hadi kwetu, nayo kila mtu anaijua kwa hatari zake. Hakuja mara nyingi. Asiyefaulu mbele yake siku hiyo alirudi nyumbani bila diploma.

Asubuhi ya siku hiyo niliujaribu ukurasa wangu, ukatembea bila kosa. Lakini mwenzangu ndiye aliyeitwa kwanza. Mchoro wake ulipanda vizuri, jopo likamsifu. Akainuka akicheka.

“Kuya uikale, dada, kiti ingali moto.”

Nikakaa, nikabonyeza. Mstari mwekundu wa kosa. Nikabadili alama, nikairudisha, nikahamisha mabano. Mwekundu tena.

“Machine haidanganyake, ma fille,” profesa akasema, akiangalia saa yake. “Ni système yako ndiyo mubaya. Utafanya défense siku nitarudia.”

Kesho yake niliwasha kompyuta ikiwa baridi. Ukurasa uleule, bila kuugusa hata nukta, ukanionyesha maji yangu yakishuka taratibu kutoka tangi hadi tangi. Nikaelewa. Mwenzangu alikuwa ameipa h namba tatu katika ukurasa wake, na mashine haiwezi kutafuta kitu kilichokwisha kuambiwa ni tatu. Nikampigia profesa simu. Alikuwa Mavivi, anangoja ndege. Akasema alishafunga procès-verbal, ripoti ya matokeo yetu, na hakurudi tena.

Leo nina kibanda cha kuchapisha na kutoa fotokopi hapa Kimemi. Mwenzangu anafundisha somo lilelile huko Beni. Najua hakunitega makusudi, na namchukia vilevile.

Juzi mwanafunzi wake mmoja, binti mpole, aliniletea flash.

“Mama, hii feuille ya Monsieur haitembeake kwa machine yoyote. Mais anasema kwa défense yake ilitembea bien.”

Nikaufungua ukurasa huo. Migomba ileile. Nikasoma mstari kwa mstari: k ilitumika kila mahali, na hakuna mahali alipoipa namba. Hakuwahi kuipa. Kila asubuhi aliikuta imekwisha kupewa, akadhani mashine inamjua.

“Donc k ni ngapi, mama?” binti akauliza.

Namba ile naijua kama jina langu. Nikaiandika. Mchoro ukapanda vilevile kama siku uliposifiwa na jopo, migomba ya nchi nzima ikiugua kwa mwendo wa maji ya mtaa wangu. Binti akapiga makofi.

“Eh! Kumbe Monsieur hakukosea.”

Nikamchapishia kurasa zake, jina la mwalimu wake likiwa juu.