Inchi Mbili Nilizomficha Fundi

Jamani, nitawasimulia, lakini mtakaocheka mcheke polepole, maana aibu hii bado mbichi, na nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni hujifunika uso kwa mkono. Na kosa ni langu mwenyewe, si la fundi wala la kitambaa.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo kwenye ghala moja kule Kilindini, mwaka wa sita huo, na jioni nanyanyua vyuma na wanawake wenzangu pale Tononoka (ndiyo, vyuma, na mashaallah mikono na mabega yameitika). Nafasi ya msimamizi wa ghala ikatoka, nikaitwa intavyu, na nafasi ile nilikuwa nikiiota tangu mwaka wa kwanza. Tatizo likawa nguo. Koti la dukani likinienea mabegani, kiunoni lapwaya kama gunia. Likinikaa kiunoni, mkono hauvuki kiwiko. Muuza mitumba mmoja wa Majengo alinitazama nikihangaika na koti la nne, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, tujaribu upande wa wanaume?" Nikaondoka bila hata kumuaga.

Basi nikaenda kwa Mzee Shee, fundi wa Mji wa Kale. Mzee Shee ana heshima zake, hampimi mwanamke. Mkewe, Bi Rehema, ndiye anayekupeleka nyuma ya pazia na tepu yake, kisha kila kipimo hukitangaza kwa sauti ili mumewe aandike kule mbele. Na kule mbele, mlangoni pa duka, pana baraza, na barazani pana wazee wanne na kahawa yao.

"Kiuno, ishirini na tisa!" akanadi Bi Rehema. "Mabega, kumi na nane!" Mazungumzo ya barazani yakakatika ghafla, nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

Alipozungusha tepu kwenye mkono wangu, juu ya kiwiko, nikamshika. "Bi Rehema, hapa sema kumi na tatu."

"Ni kumi na tano, mwanangu."

"Najua. Nitaacha vyuma wiki mbili, utashuka. Nisitiri, wallahi nakuomba."

Akanitazama. "Watu hudanganywa, nguo haidanganyiki." Lakini mimi king'ang'anizi, nikambembeleza mpaka akacheka, akapaza sauti, "Mkono, kumi na tatu!" Barazani wakaendelea na kahawa yao, nikaona nimeshinda. (Na vyuma sikuviacha hata siku moja, niseme ukweli.)

Koti nililichukua asubuhi ya intavyu yenyewe, nami muda wa kurekebisha sina. Lilikuwa zuri, buluu iliyokoza, lakini kuingia halikuingia mpaka nilipovua blauzi nikabaki na fulana isiyo na mikono, na Bi Rehema akavuta huku anasoma bismillahi. Na mkono ukishaingia haukunjiki. Nikaenda ofisini mikono imenyooka, ungedhani natafuta gwaride.

Mezani walikuwa watatu, mabwana wawili na mkubwa wao, Bi Zuhura, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Nikampa mkono, na hapo hapo kwapani pakalia krrr. Nikaubana mkono ule mbavuni, nikaapa hautoki tena. Nikapewa fomu, nikaijaza kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Ikaletwa chai, na chai hainyweki na kiwiko kilichonyooka, nikasema nimefunga.

"Leo Jumatano?" akauliza bwana mmoja.

"Ndiyo, Jumatano," nikasema (na nyinyi mwajua mwenye sunna zake hufunga Jumatatu na Alhamisi).

Wangeniachia hapo ningepona. Lakini Bi Zuhura akauliza, "Magunia ya mchele utayapanga vipi yasiwaangukie watu?" Na hilo, jamani, ni jambo langu, nimelipigia kelele miaka sita, kwa sababu mpagazi mmoja nusura avunjwe mguu mbele ya macho yangu. Nikajisahau. Nikasimama. "Yapishanishwe hivi, na yasipite kimo hiki!" nikasema, na mikono yote miwili nikaiinua juu.

Traaa! Mgongo ukapasuka kutoka bega hadi bega, na mkono wa kulia wa koti ukateremka wote mpaka kwenye saa yangu, nikabaki wazi kuanzia begani, na wale mabwana ghafla wote wawili wanachunguza dari. Machozi yakanilengalenga. Nikajua kazi imeniponyoka, na miaka yangu sita imekwenda na maji.

Bi Zuhura akafungua mkoba, akatoa leso yake, kanga nzima, akaja kunifunika mabega. "Kaa, mwanangu," akasema. "Ulikuwa umefika kimo gani?"

Nikamaliza intavyu nimejitanda leso, nikieleza magunia kwa sauti inayotetemeka mpaka ikatulia yenyewe. Mwisho akanisukumia kikombe. "Na chai unywe. Leo si siku ya kufunga." Nikanywa, pamoja na aibu yangu yote. Nyumbani nilipoivua ile leso ndipo nikasoma jina lake, yale maandishi ya pindoni, na kumbe ndilo nililowaachia wale mabwana walisome mgongoni nikitoka mlangoni: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Msimamizi ni mimi. Leso niliirudisha nimeifua na kuipiga pasi, na nimeapa: umri nitauficha, mshahara nitauficha, lakini mbele ya tepu ya fundi sitasema uongo tena.

Siku ile ile ya barua nikarudi kwa Mzee Shee kushona koti jingine. Bi Rehema alipofika kwenye mkono na kufungua kinywa, nikamwambia anyamaze, leo natangaza mwenyewe.

"Mkono, kumi na tano na nusu!" (Nusu imeongezeka.)

Kule barazani mzee mmoja akakohoa. "Mashaallah. Mzee Shee, usimpunje mwanetu kitambaa!"